Tumcheke na Aliyeuza

Nkt! Msidhani nasonya kwa sababu ya vumbi. Vumbi la Nkoroi tumelizoea, na foleni ya Magadi Road tumeizoea pia. Ninachosonyea ni kile kicheko chetu cha Jumamosi pale stejini, wakati brekidauni ilipomrudisha jirani yetu nyumbani, gari lake likining'inia nyuma na magurudumu ya mbele hewani, yeye mwenyewe ameketi kando ya dereva akijifanya anasoma simu.

Gari halijamaliza mwezi mikononi mwake. Alilinunua kwenye yadi moja ya upande wa mjini kwa shilingi 1,150,000 taslimu, nusu akiba ya chama na nusu mkopo wa sacco. Kwenye lami tambarare lilikwenda vizuri tu. Wiki ya tatu akawapakia wageni wake kwenda kula nyama choma ng'ambo ya Corner Baridi. Ule mlima wa baada ya Kiserian ulipoanza, injini ikanguruma lakini kasi haikuja. Taa ya njano ikawaka. Halafu gari likagoma katikati ya barabara, malori yakimpigia honi kutoka nyuma, na wageni wakashuka kusukuma wakiwa na viatu vya kanisani.

Nasi tukacheka. Kijana mmoja wa boda akamuuliza kama ameongeza gari la pili, hilo lenye kreni. Fundi wetu, ambaye hakuitwa kukagua na bado ana kinyongo, akatoa hotuba: gari la giaboksi ya CVT halinunuliwi kwa kuzungushwa ndani ya yadi, linapandishwa mlima dakika 20 mpaka oili ipate joto, ndipo litakuonyesha tabia yake. Mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi akamalizia na ile methali ya mwenye macho. Watu wakagongana mikono.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza: na aliyemuuzia, je?

Aliyemuuzia yuko yadini kwake, anapakaza matairi dawa ya kung'arisha na kunyunyiza manukato kwenye viti. Ana raha zake. Kwani atakosaje raha, na sisi ndio mawakili wake? Tena wa bure! Kila tukimcheka mnunuzi tunaandika hukumu kwamba kosa ni la mnunuzi. Naye mnunuzi akishashikwa na aibu hadai kitu. Atalipa fundi kimya kimya, au atamtafutia gari "mteja wa haraka" na kumsukumia mwenzake balaa lile lile, kilometa zikiwa zimerudishwa nyuma tena kidogo. Nkt!

Jirani alimpigia simu mwenye yadi. Akajibiwa kwa upole wa kuudhi: "Bosi wangu, ulikagua, ukaridhika, ukasaini." Kweli alisaini. Mkataba una mstari unaosema gari limeuzwa kama lilivyo na mahali lilipo, na risiti ina muhuri wa zambarau: gari likishauzwa halirudishwi, pesa hazirudishwi. Hapa kijiweni muhuri huo una nguvu kuliko Bunge. Mtu akiuona anakunja karatasi anatia mfukoni, basi, mambo yameisha.

Aa wapi! Hayajaisha. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa kila mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro ya bidhaa. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Kuwalinda Watumiaji. Kifungu chake cha 5 kinasema muuzaji huhesabiwa kuwa ameahidi bidhaa yenye ubora wa kuuzika. Huhesabiwa, hata kama hakutamka. Na haki hizo hazifutwi kwa mkataba, wala kwa sahihi yako, wala kwa muhuri, uwe wa zambarau au wa dhahabu. (Sheria hiyo ukiisoma sambamba na ile ya jimbo la Ontario kule Canada ya 2002 utakuta sentensi nzima nzima zimefanana. Haidhuru. Hata giaboksi zetu ni za kutoka nje.)

Chini ya hiyo kuna nyingine kuukuu, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyofuata ile ya Waingereza ya 1893. Nayo inasema ukimweleza mfanyabiashara unachotakia kitu, ukategemea ujuzi wake, lazima kitu hicho kikifae kazi hiyo. Kwa kuwa mzizi ni mmoja, mawakili wetu hawachoki kutaja kesi za huko, na nyingine zingefaa kusimuliwa hapa stejini. Kuna ya Crowther, iliyoripotiwa mwaka 1975: mtu alinunua Jaguar ya miaka 8, iliyokwisha kutembea zaidi ya maili 80,000. Baada ya wiki tatu injini ikakaza. Yadi ikasema gari kuukuu ni gari kuukuu, ulitarajia nini? Mahakama ikasema injini inayokufa baada ya wiki tatu ilikuwa mahututi siku ya mauzo. Mnunuzi akashinda.

Wiki tatu! Nilipowasomea hilo, kijiwe kikanyamaza kidogo. Jirani yetu naye si ni wiki tatu?

Lakini msianze kushangilia. Sheria haikusema gari la mtumba liwe jipya. Ukinunua gari la bei ya chini, limetumika hapa hapa miaka kumi, halafu barabara zetu za ndani zikala bushi na shokabzoba kwa miezi sita, usije ukamwendea mtu na barua ya wakili. Uchakavu wa kawaida ni wako. Na kama yadi ilikwambia wazi kwamba klachi imechoka, ikakupunguzia bei, ukakubali, hapo umefungwa. Mwingereza mwingine aitwaye Bartlett alishindwa kwa njia hiyo hiyo mwaka 1965: aliambiwa klachi ina shida, akapunguziwa, gharama ya kutengeneza ikaja kubwa kuliko walivyodhani, akaenda mahakamani akarudi mikono mitupu.

Kuna na mtego mwingine ambao fundi wetu hakuupenda. Ile sheria ya Sura ya 31 inasema ukilikagua gari, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo ukienda yadini na binamu anayejua kufungua boneti na kutikisa kichwa tu, wakili wa yadi atasimama aseme: alikuja na fundi wake. Ukaguzi wa kubabaisha unaweza kukuponza kuliko kutokagua. Kama unakagua, kagua kweli, na upate ripoti ya maandishi. AA Kenya wanafanya kazi hiyo, na hata fundi wa mtaani anaweza kuandika alichoona na asichoweza kukiona. Kasoro ya ndani ya giaboksi inayojitokeza mlimani tu, oili ikiwa moto, si kitu cha kuonekana kwa kutikisa kichwa.

Sasa twende kwenye kilometa, maana hapo ndipo utamu ulipo.

Yadi ilimtumia jirani tangazo kwa WhatsApp: kilometa 71,000, halijawahi kugongwa, limetumiwa na mama mmoja Mjapani. Huyo mama Mjapani ana magari, jamani! Kila yadi ya Kenya inauza gari lake. Juzi mpwa wa fundi, kijana wa kompyuta, akachukua namba ya chesisi akalipia kidogo mtandaoni, akapata nakala ya karatasi ya mnada wa Japan. Pale Japan gari likiingia mnadani hukaguliwa na kupewa daraja. Huchorwa ramani ya mwili wake: mkwaruzo una herufi yake, mbonyeo una yake, paneli iliyobadilishwa ina yake. Daraja R maana yake lilipata ajali likatengenezwa. Na kilometa huandikwa. Karatasi ya gari la jirani ilisema kilometa 148,000, daraja R.

Ee bwana! Kilometa 77,000 zilipotelea baharini, kati ya Yokohama na Mombasa!

Hili si suala la uchakavu tena. Kifungu cha 12 cha ile sheria ya 2012 kinataja wazi kwamba kudai bidhaa imetumika kwa kiasi tofauti na ukweli ni uwakilishi wa uongo. Mnunuzi aliyedanganywa hivyo anaweza kuvunja mkataba kwa kutoa notisi ndani ya mwaka mmoja tangu aufunge, na bado akadai fidia. Mwaka mmoja, muhuri wa risiti utake usitake. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo inakataza maelezo ya kupotosha, na Mamlaka ya Ushindani inapokea malalamiko ya watumiaji. Waingereza walilipitia hili zamani: mwaka 1965 mfanyabiashara aliuza gari aina ya Bentley akisema limekwenda maili 20,000 tu tangu liwekewe injini mpya, kumbe ni karibu 100,000. Kwa bahati mnunuzi naye aliitwa Bentley, Dick Bentley. Jaji Denning akasema muuza magari ana uwezo wa kujua historia ya gari kuliko mnunuzi, basi kauli yake ni ahadi, na ahadi hulipiwa. Miaka michache kabla ya hapo mahakama ilimwachilia mtu wa kawaida aliyekosea mwaka wa gari lake kwa kuamini kitabu alichopewa, kwa sababu yeye hakuwa mfanyabiashara. Mwenye yadi anauza magari kila siku. Hana ruhusa ya kusema hajui.

Na kama mnataka la kucheka kweli, chekeni la bwana Beale. Huyu aliona tangazo la Triumph Herald ya 1961, akaenda akaliona, akalipa, akaondoka nalo. Baadaye fundi akalipandisha juu akagundua ni magari mawili: nyuma ya 1961, mbele ya gari la zamani zaidi, yameunganishwa katikati kwa kuchomelewa. Muuzaji mwenyewe hakujua, na hakuwa hata na yadi. Bado alilipa, kwa sababu alichouza hakikulingana na alichotangaza. Hiyo ni 1967.

Yadi ina kichaka kingine cha kujifichia. Jirani alipotaja ile karatasi ya mnada, wimbo ukabadilika: "Sisi tulikuwa tunamuuzia mwenye gari tu, mtafute yeye." Na kweli logbuku ina jina la mtu asiyemjua, maana gari liliwekwa pale liuzwe kwa niaba. Nkt! Risiti ni ya nani? Pesa ziliingia akaunti ya nani? Sheria ya 2012 inapomtaja muuzaji inamhesabu pia wakala wake. Aliyepokea hela atafutwe kwanza, hayo mengine watamalizana wenyewe huko.

Kuhusu logbuku nitasema upesi, maana limesemwa sana na bado watu hawalisikii. Tafuta rekodi za gari NTSA kabla ya kutoa hata shilingi. Angalia pia ile rejista ya dhamana za mali zinazohamishika kwenye eCitizen, kwa sababu gari linaweza kuwa zuri na bado limewekwa rehani kwa mkopo wa logbuku. Ukishanunua, Sheria ya Trafiki inakupa siku 14 kulihamishia jina lako. Jirani alikuwa ameambiwa asubiri, "mfumo uko chini". Mfumo gani ulioko chini wiki tatu?

Kuna wanaosema, lakini KEBS si walilikagua likiwa Japan? Ndiyo. Kiwango cha KS 1515:2000 ndicho kinachozuia magari yaliyozidi miaka 8. Mwaka 2024 kwa mfano yalikubaliwa yaliyosajiliwa mara ya kwanza 2017 au baada ya hapo. Cheti cha ukaguzi huo kinasema gari lilifaa kutembea barabarani siku lilipokaguliwa. Hakikusema lolote juu ya yaliyofanyiwa mita baada ya hapo, wala hakimzuii mtu kuendesha gari kwa oili isiyo yake mpaka giaboksi ife.

Mwalimu wetu mstaafu wa somo la biashara, ambaye kwa kawaida huja kwa ajili ya chai tu, alichangia moja la maana. Alisema mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika mwaka 1970 juu ya soko la magari ya mtumba, na mwaka 2001 akapata Tuzo ya Nobel. Alionyesha kwamba mnunuzi akishindwa kutofautisha gari zima na bovu, hulipa bei ya katikati. Bei hiyo haimtoshi mwenye gari zima, basi huliondoa sokoni, na mabovu yanabaki yakitamba. Maana yake mwenye yadi mwaminifu, na wapo, anaumizwa na huyu wa mita za kurudishwa. Anayemfuga huyu ni sisi tunaocheka.

Jirani alitaka kukimbilia polisi. Mita ikirudishwa makusudi inaweza kuwa jinai, kupata pesa kwa udanganyifu, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu. Lakini afande atakwambia lete ushahidi wa nani aliyeirudisha na lini, na huenda likaishia kuandikwa kwenye kitabu cha matukio. Pesa zako zinafuatwa kwa njia ya madai. Mahakama ya Madai Madogo ilizinduliwa Milimani Aprili 2021 na imesambaa kwingine tangu hapo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, haibanwi na kanuni kali za ushahidi, na kesi inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60. Picha za skrini za WhatsApp, karatasi ya mnada, risiti ya brekidauni, ripoti ya fundi: hizo ndizo silaha. Kwa hiyo mtu asiifungue giaboksi kwanza! Fundi wetu alishashika spana mkononi, tukampokonya. Ikishafunguliwa na kumwagwa chini, yadi itasema wewe ndiye uliyeiharibu.

Hapo ndipo kijiwe kikagawanyika, na mpaka sasa hatujapatana. Jirani anaweza kuvunja mkataba, arudishe gari, adai 1,150,000 zake zote. Lakini kiasi hicho kinazidi uwezo wa mahakama ndogo, kwa hiyo ni mahakama ya hakimu, mawakili, na tarehe za kuahirishwa. Au abaki na gari, adai gharama: giaboksi nyingine, kazi ya fundi, brekidauni, ukaguzi, na tofauti ya thamani kati ya gari la kilometa 71,000 na la 148,000. Hiyo inaingia mahakama ndogo bila shida. Mwalimu anasema achukue njia fupi. Mama wa chapati anasema gari la daraja R lililodanganywa mita hatalipanda tena hata akilipwa, na lirudi lilikotoka. Ninakubaliana naye, ingawa si mimi ninayelipa mkopo wa sacco. Wanachokubaliana wote ni kwamba asikae nalo akilitumia miezi sita huku akisema analikataa. Sheria ya Sura ya 31 itamhesabu kuwa amelikubali, abaki na fidia peke yake.

Jumatatu jioni mwenye yadi akapiga simu mwenyewe, sauti ya asali. Nadhani alishasikia neno "karatasi ya mnada". Ati jirani alete gari, yadi itoe giaboksi, yeye alipe kazi ya fundi tu, na mambo yaishe kama ndugu. Simu ilikuwa kwa spika, kijiwe kizima kimenyamaza. Jirani akaanza kulainika, nikaona kabisa anatafuta neno la kushukuru. Mama wa chapati akamnyang'anya simu. "Baba, shikamoo. Hiyo giaboksi imetoka gari gani? Ina dhamana ya miezi mingapi? Na hizo kilometa 77,000 zinarudi lini? Tuandikie kwa barua, tafadhali."

Akasema atapiga baadaye. Hajapiga. Notisi imechapwa pale saiba ya stejini, nakala tatu, ina namba ya chesisi, tarehe ya mauzo, nakala ya tangazo na siku 14 za kujibu. Fundi wetu ameambatanisha ripoti yake kwa maandishi ya mkono, kurasa mbili, ukurasa wa kwanza wote ukieleza kwamba yeye hakuitwa kukagua.